Majina ya Wafu wa Mabwe

Masanduku yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Yalipangwa ndani ya hangari ya kampuni, madogo, ya mbao nyepesi, yamepigiliwa misumari na kufungwa kwa bati. Kila moja lilipakwa namba kwa rangi nyeupe, na ndani ya kila moja mlikuwa na mifupa ya mtu. Jina halikuonekana hata moja.

"Baliiba nini, Directeur?" aliuliza Inspekta Marceline Mwenze. "Masanduku minaona yote iko."

"Majina, Inspecteur," alijibu mkurugenzi. "Baliiba majina."

Marceline alikuwa na miaka kumi na tisa katika polisi ya upelelezi ya Lubumbashi. Alikwisha kutafuta nyaya za umeme, magunia ya madini, hata kipande cha reli kilichong'olewa mchana watu wakitazama. Majina ya wafu hakuwahi kuyatafuta. Alitoa daftari lake, akaomba aelezwe polepole.

Kampuni ilikuwa inapanua shimo la shaba, njia ya kwenda Kinsevere, na makaburi ya kijiji cha Mabwe yalikuwa katikati. Kwa siku tisa walifukua. Jina la marehemu, familia yake na namba ya sanduku viliingizwa kwenye kompyuta ndogo za mkononi, na jioni vikahamishiwa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi, yaani leo, injinia wa kompyuta, Godefroid, alifungua mashine akakuta patupu. Diski ya nje, yenye nakala, nayo haikuwepo.

"Maziko ni lini?"

"Samedi, keshokutwa. Padri tulishamualika. Kama majina haionekane, tutabaweka bote mu shimo moya."

"Bote?"

"Tutafanya nini ingine? Lakini mutuhumiwa tuko naye. Balimukamata asubuyi."

Hapo ndipo moyo wa Marceline ulipoanza kumsumbua. Mshukiwa anayepatikana kabla ya chai ya asubuhi humfurahisha kila mtu, isipokuwa mpelelezi mwenye akili timamu.

Tena alikuwa na lake moyoni. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, alifia Kabalo, akazikwa huko huko. Marceline alipopata nauli ya kwenda kumtembelea, makaburi yalishakuwa shamba la mihogo. Aliweka maua yake kwenye tuta moja kwa kubahatisha, akarudi Lubumbashi na aibu ambayo haijamtoka mpaka leo. Kwa hiyo aliposikia neno "shimo moja" alifunga daftari kwa nguvu.

Mshukiwa aliitwa Chishimba, mkuu wa familia za Mabwe, mzee wa miaka sabini na kitu. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, koti limekunjwa vizuri juu ya magoti.

"Papa Chishimba, jana uliingia mu bureau ya kompyuta?"

"Niliingia, maman."

"Kufanya nini?"

"Kuomba rangi."

"Rangi ya nini?"

"Niandike jina ya muke wangu ku sanduku yake. Balinikatalia. Banasema namba inatosha, jina iko mu mashini."

"Ulikasirika?"

"Sana."

"Ulisema nini?"

"Nilisema: siku mashini itasahau, mutamuuliza nani?"

Marceline aliandika, akainua kichwa. Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga. Watu watatu waliyasikia, na kesho yake mashine ikasahau kweli.

"Mashini uliishika?"

"Miye? Hata telefone, jirani njo ananipigiaka."

"Muke wako iko mu sanduku gani?"

"Balimutosha mu kaburi jana, siku ya mwisho. Nilimuona anaingia mu camion, mu lori. Namba balipaka kule ku hangar, na miye balinizuia ku mulango. Jina yake ni Annie. Myaka makumi tatu na nane tulilala mu nyumba moya. Sasa siyui iko wapi mu ile masanduku yote."

"Banaweza kuifungua, baangalie?"

"Hapana, maman! Muntu habamufukulake mara mbili. Mara moya tu ilikuwa tayari ni haya."

Sheria ilimpa Marceline saa arobaini na nane, lakini Jumamosi ofisi ya mashtaka haifunguliwi. Ijumaa saa kumi alasiri mzee angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kutoka pale hadi gereza la Kasapa ni njia nyoofu.

Godefroid alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, chenye baridi, na kompyuta kubwa ikinguruma pembeni.

"Nilimuona na macho yangu, Madame l'Inspecteur. Saa tisa na nusu ule muzee alikuwa hapa, anashika-shika mashini. Alifuta yote, akabeba na disque mu koti."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Ku mulango."

"Unamuona anaharibu, unabakia ku mulango?"

Godefroid alilamba midomo. "Ni muzee. Respect."

"Disque iko namna gani?"

"Nyeusi, kama Biblia ndogo. Nilibandika plasta ya kijani juu yake."

Heshima ni kitu kizuri, aliwaza Marceline, lakini hajawahi kuona heshima inayomwacha mtu aibe kisha inamkamatisha kwa polisi asubuhi. Alikuwa anatazama karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi, imeanza kuwa ya njano. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi nzuri za kike.

*Mashine haifikiri. Wewe ndiye unayefikiri. Hatua moja ikishindwa, simama hapo hapo. Usiamini kwamba umefika: uliza. Usifute kitu ambacho hujajua kiko wapi. Ukibadilisha mstari, andika jina lako, siku na sababu.*

Chini paliandikwa: Syntiche.

"Huyu ni nani?"

"Alikuwa collègue. Aliacha kazi, myezi tano sasa. Alikuwa na sheria mingi kupita sisteri ya ku internat ya banafunzi," alisema Godefroid akijaribu kucheka.

Marceline hakucheka. Aliandika jina hilo, akalipigia mstari.

Syntiche aliishi Hewa Bora, nyumba yenye geti la buluu, ambako alifundisha watu kompyuta sebuleni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kidogo, na alipoambiwa kisa chote aliinuka hapo hapo. Alivaa viatu. Ijumaa asubuhi alikuwa amekaa mbele ya ile mashine, mkurugenzi amesimama nyuma yake na Godefroid ametumwa mjini kwa kazi ambayo Marceline aliibuni.

"Daftari la mashini iko," alisema Syntiche. "Hakulifuta."

Godefroid alidhani hakuna polisi anayesoma daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe. Kwa kweli hakukosea sana; Marceline mwenyewe hakujua kama lipo.

"Linasema nini?"

"Majina ilifutwa mercredi, siku ya mwisho ya kufukua, saa kumi na mbili kamili ya mangaribi."

"Godefroid anasema muzee alikuwa hapa saa tisa na nusu."

"Basi si yeye. Wala si muntu, maman. Ni skripti."

"Nisemeshe kama muntu wa polisi."

Syntiche aligeuza kiti. "Skripti ni karatasi ya amri. Mashini inaisomaka mustari kwa mustari, kila siku saa ile ile. Tuseme uko na mutumishi mu nyumba. Anaitika kila kitu, lakini akili hana hata kidogo. Unamuambia: ingia mu chumba ya buchafu. Choma yote iko mule. Alafu weka bintu bipya. Sasa siku moya ile chumba iko na kufuli. Atafanya nini?"

"Atarudia kuniuliza."

"Ule wa kwangu, ndiyo. Nilimufundisha arudie. Huyu wa sasa hapana. Anashindwa kuingia, anabakia mu salon, anasoma amri ya pili: choma yote."

Marceline aliacha kuandika. "Na chumba ya buchafu njo..."

"Disque. Kila mangaribi skripti inaingiaka mu disque, inafuta nakala ya jana, inaweka ya leo, alafu inasafisha zile kompyuta ndogo za mukono. Mercredi disque haikuwa mahali yake. Skripti ikabakia mule mule mu majina, ikafuta. Ikaendelea mbele, ikasafisha na zile ndogo. Ilifanya kazi yake yote, muzuri sana."

Mkurugenzi aliketi juu ya boksi la karatasi bila kuangalia kama litambeba.

"Lakini unasema ulimufundisha arudie," alisema Marceline.

Syntiche alionyesha kwa kidole. Mstari wa tatu wa skripti ulikuwa wake, ule unaoamuru mashine isimame mara hatua yoyote inaposhindwa. Mbele yake iliwekwa alama kama kipande cha reli, milia miwili iliyokatwa na mingine miwili. Alama hiyo huiambia mashine ipite bila kusoma. Pembeni paliandikwa: *Nimeuzima. Unasimama bure, unanisumbua. Godefroid, 14 Machi.*

"Sheria ya mwisho ya ku karatasi," alisema Syntiche kwa sauti ndogo. "Ukibadilisha, andika jina yako. Zile zingine zote alizikanyaga. Ile moya aliishika."

Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa hasira. Alisema aliwahi kugombana naye miezi miwili kuhusu mstari huo mmoja. Umeme ukikatika kidogo tu, skripti ilisimama na kumpigia injinia simu nyumbani, hata akiwa mezani anakula. Kwa Syntiche hiyo ilikuwa faida yake. Kwa Godefroid ilikuwa kero. Mwishowe wakubwa walimwambia Syntiche anachelewesha kazi, naye akaondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na bosi.

Lilibaki swali moja. Nani alitoa diski? Kama ni mzee, bado ana kesi.

Marceline alitembea hadi getini. Mlinzi aliitwa Michée, mtu mrefu mwenye daftari lililochakaa pembe.

"Papa Chishimba alitoka saa ngapi mercredi?"

"Saa tisa na dakika makumi ine. Iko mu registre."

"Ulimupapasa?"

"Kila muntu tunamupapasaka, maman. Hata viatu anavula. Bantu babebaka mawe ya cuivre, ile shaba, mu soksi."

"Muzee alikuwa na nini?"

"Mouchoir ya kujifuta na rozari. Basi."

"Kintu nyeusi, kama Biblia ndogo?"

"Ingenipita namna gani?"

"Na ba-ingénieur, munabapapasaka?"

Michée alicheka kwa adabu. "Bale ni bakubwa, maman. Tunabafunguliaka barrière tu."

Marceline alipitisha kidole kwenye daftari. Jumatano, saa kumi na dakika kumi: Ing. Godefroid, ametoka. Alhamisi, saa moja na nusu: Ing. Godefroid, ameingia.

"Jeudi asubuyi aliingia namna gani? Alikuwa na huzuni?"

"Huzuni? Furaha mingi! Alisimama hapa, akafungua ordinateur yake, ile kompyuta ya kukunja, akatuonyesha film ya mariage, harusi ya dada yake Plamedie. Muzuri sana. Guelord wa Kamalondo njo aliipiga."

"Film ilikuwa mu ordinateur?"

"Hapana, mu kale kasanduku keusi alichomeka pembeni. Keko na plasta ya kijani."

Michée alisema hayo akitabasamu bado, maana mlinzi wa geti hakuelezwa na mtu yeyote kwamba nusu ya mji ilikuwa inakitafuta kijisanduku hicho. Marceline alimwomba atie sahihi.

Studio ya Guelord ilibanwa kati ya fundi cherehani na baa, katika mtaa wa Kamalondo ambako mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Guelord hakuwa na la kuficha. Ndiyo, Jumatano jioni Godefroid alikuja na diski yake, kwa sababu filamu ilikuwa nzito mno kwa vifaa vidogo. Kompyuta ya studio ilihifadhi saa: kunakili kulianza saa kumi na mbili kasoro dakika nane, kukaisha saa kumi na mbili na dakika ishirini.

"Alikuwa na haraka?"

"Hapana, maman. Tulikunywa na bia moya ya Simba. Alilia kidogo alipoona dada yake na robe ya harusi."

Saa kumi na mbili kamili skripti ilipopiga hodi kwenye diski, diski ilikuwa Kamalondo inakunywa harusi.

Godefroid aliingia ofisini kwa Marceline saa nane mchana. Mezani alikuta daftari la geti, karatasi ya Guelord, na ile karatasi ya njano iliyobanduliwa ukutani. Aliitazama hiyo ya mwisho kwa muda mrefu.

"Disque iko wapi?"

"Muzee—"

"Michée aliiona jeudi asubuyi. Iko wapi?"

Godefroid aliigeuza ile karatasi ya njano, maandishi yakaangalia meza.

"Godefroid. Nani alizima mustari wa tatu?"

"Miye."

"Nani alitosha disque?"

"Miye. Nilisema nitairudisha mbele ya saa kumi na mbili. Tukachelewa ku Guelord. Nikajisemea, haizuru, siku moya bila nakala haiuwe muntu. Ule mustari nilishausahau, madame. Nakuapia."

"Asubuyi ukafungua mashini."

"Nikaona buuupu. Niliyua hapo hapo."

"Ukamutaja muzee."

"Directeur aliniuliza: nani aliingia humu? Nikasema Papa Chishimba aliingia. Ilikuwa kweli. Akaniuliza: alishika mashini? Nikasema ndiyo. Neno moya tu. Kisha polisi bakakuya, na ile neno ikanishinda kuirudisha."

"Juu ya nini? Alikukosea nini?"

"Hapana, hakunikosea." Sasa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, pua inatiririka. "Nilimufukuza Syntiche juu ya ule mustari. Nilisema mbele ya bakubwa, miye niko na diplôme, yeye anaogopa-ogopa bule. Kama ingeyulikana kama yeye alikuwa na haki... Nilisikia haya. Haya tu, madame. Nikafikiri, muzee hayui kompyuta, batamuachilia jumatatu."

"Na shimo ni samedi."

Godefroid alifunika uso.

Marceline alikuwa amesikia watu wakikiri kuua kwa shamba, kwa wivu, kwa pombe. Huyu alikuwa tayari kuwazika watu mia mbili na kumi na wanne bila majina, na kumfunga wa mia mbili na kumi na tano akiwa hai, ili mwanamke mmoja wa Hewa Bora asisemwe kwamba alikuwa sahihi. Alitaka kumtukana, lakini kuna aibu ambazo yeye mwenyewe alizijua. Alimsukumia kalamu aandike.

"Disque uliitupa?"

"Sikuweza. Mara mbili nilifika ku kando ya mutoni. Ile disque iko na bantu ndani. Iko ku nyumba, chini ya gunia ya bunga."

Walileta diski saa kumi kasoro robo, nyeupe kwa unga wa mahindi. Syntiche aliifungua mwenyewe, huku Marceline amesimama nyuma yake anahesabu pamoja naye. Harusi ya Plamedie ilikuwemo. Na nakala ya Jumanne ilikuwemo, kwa kuwa Jumatano skripti haikuifikia kuifuta: majina mia moja na themanini na manane, kila moja na namba yake.

"Na zingine?" aliuliza Marceline.

"Makumi mbili na sita. Balifukuliwa mercredi. Ilikuwa mu mashini na mu zile kompyuta ndogo tu." Syntiche hakugeuka. "Hizo haiko tena mahali popote, maman."

Jumatano. Siku ya mwisho. Marceline alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye ardhi mpya nyekundu, padri alimaliza sala na Marceline akapewa orodha aisome. Hakuwa na lazima, aliomba. Kila alipotaja namba na jina, familia ilitoka, ikabeba sanduku lake, na kilio kikapanda. Ilichukua karibu saa mbili. Mkurugenzi alikuwa ameleta ndoo ya rangi nyeupe, na watu waliandika majina juu ya mbao kwa brashi, kwa vidole, kwa kijiti.

Yakabaki masanduku ishirini na sita. Majina ishirini na sita yalijulikana, maana yalikuwa ya wale ambao hawakuitwa. Ila hakuna aliyejua lipi ni la nani. Familia zao zilisimama pembeni bila kulia. Hawakujua walilie upande gani.

Mzee Chishimba alivaa koti lake. Alikwenda kwenye sanduku la kwanza, akaliinamia, akaweka kiganja juu ya bati.

"Annie, kama ni weye, miye niko hapa. Kama si weye, unisamehe. Umusalimie."

Akanyanyuka, akaenda kwenye la pili. Akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, bila kuruka neno. Kwenye la tatu mama mmoja alitoka kwenye kundi, akaanza nyuma yake, naye akamtaja wa kwake. Kisha mwingine. Muda si mrefu ulikuwa msururu mrefu wa watu, kila mmoja akisimama kwenye kila sanduku, akimwita mtu wake mmoja mara ishirini na sita.

Syntiche alikuwa amesimama karibu na gari la polisi. Ndani ya gari, pingu mikononi, Godefroid alitazama kupitia dirisha. Hakuna aliyemlazimisha kuja; aliomba, na Marceline alikubali bila kujua kama ni huruma au ni adhabu.

Marceline alimfuata mzee. Kwenye sanduku la mwisho magoti yake yalikuwa yamechoka, ikabidi amshike kiwiko ili ainuke.

"Njo ya mwisho?" aliuliza mzee.

"Njo ya mwisho, Papa."

"Hakuna ingine ilibakia kule ku hangar?"

"Hakuna. Nilihesabu mwenyewe."

Mzee aligeuka, akatazama safu yote, kutoka alikoanza mpaka aliposimama. Akatoa kitambaa, akajifuta uso.

"Basi nilishamusalimia," alisema.